Sina Dawa ya Mguu wa Mayu

Kaka Masanja,

Shikamoo kaka yangu. Mwangaluka kwa wote hapo bomani, wakubwa kwa wadogo. Watoto kikohozi kimewaachia? Wifi Kwandu mgongo wake unaendeleaje, au bado anainama nao shambani huku akisema hauumi? Ng'ombe wanapata majani ya karibu, au mnawapeleka mbali? Mimi mwili uzima ninao. Nakula, naenda kazini, narudi. Moyo ndio usiniulize, utausikia humu ndani.

Najua unashangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Simu zimenishinda, Kaka. Nikipiga unaweka sauti ya juu, watu wanajaa, na kila mmoja anasikia anachotaka kusikia. Nikisema neno, Baba Mdogo Luhende analidaka na kumtafsiria Mayu kwa Kisukuma, kana kwamba mama yetu hajui Kiswahili, kana kwamba na mimi nimeshasahau Kisukuma na simsikii anavyolipindua. Juzi nilisema, "Hakuna dawa." Yeye akamwambia, "Anasema bado kidogo." Nilipopiga kelele nikaambiwa mtandao unakatakata.

Karatasi haina mtandao. Anayeileta ni Sista Rozalia, mtawa wa Karema anayesomea uuguzi huku Ujerumani, mtu pekee ninayeongea naye habari za nyumbani bila kuanza kueleza Katavi iko wapi. Anakwenda likizo kwao na lazima apite Mpanda. Nimemwomba asikukabidhi na kuondoka. Akae, apewe maji ya kunywa, aisome mwenyewe kwa sauti mbele ya Mayu, mbele yako na mbele ya Baba Mdogo. Baba Mdogo, shikamoo. Najua umekaa karibu na mlango. Leo usitafsiri.

Nianzie mwanzo, ili hata jirani aliyekuja kusikiliza asiondoke na habari nusu. Msimu wa kupanda mpunga, plau ilimkata Mayu muundi kule kwenye majaruba. Jeraha halikuwa kubwa. Angeshonwa siku ile ile, akameza dawa mpaka zikaisha, leo tungekuwa tunaongelea mavuno. Lakini ng'ombe walikuwa wameshafungwa nira na maji yalikuwa yameshajaa shambani, akajifunga kitambaa akaendelea kupanda. Ulipoona mguu umevimba ulikwenda dukani ukamnunulia vidonge vya rangi mbili. Hapo sikulaumu, ulifanya kama mtoto anavyopaswa kumfanyia mama yake.

Sasa angalieni vidonge vile vilikwenda wapi. Mjukuu alikuwa anakohoa, akapewa. Jirani jino lilikuwa linamsumbua, akapewa. Mayu hawezi kula kitu peke yake, hata ugali wake wa ugonjwa anaugawa, na dawa nayo akaigawa kwa upendo ule ule. Vilivyobaki alivifungua, akanyunyizia unga wake juu ya kidonda, kama alivyotunyunyizia sisi tangu wadogo. Kidonda kikakauka juu, akaacha. Kikafumuka tena, wewe ukachukua ile dawa ya chupa ya kuchoma ng'ombe ukampiga sindano. Nilikuuliza kipimo gani, ukanijibu, "Kidogo tu, nisimzidishie mtu mzima." Tangu siku hiyo neno "kidogo" nikilisikia popote linanichoma.

Mmeniuliza miaka yote hii kazi yangu ni nini, nami nimekuwa nawajibu kwa mkato kwamba nasomea wadudu wa magonjwa. Leo nitawaeleza vizuri, maana uvivu wangu wa kueleza ndio Baba Mdogo aliupata akaujaza maneno yake.

Bakteria ni kiumbe kidogo mno, lakini na yeye anaishi kwa kutengeneza vitu vya kujengea mwili, vinaitwa protini. Ndani yake kuna nyuzi ndefu zenye maagizo, na kuna wasomaji wanaotembea juu ya zile nyuzi, wakisoma agizo na kutengeneza kilichoagizwa. Msomaji huyo anaitwa ribosomu. Dawa nyingi, za rangi mbili zikiwemo, na ile ya chupa ya ng'ombe pia, zinaua au kumzuia bakteria kwa kumkaba huyo msomaji asitembee. Mimi kazi yangu ni kujua kila msomaji amesimama wapi. Nawakuza bakteria kwenye chupa, halafu ghafla nawagandisha kwa baridi kali isiyolingana na ya friji za huko, kila msomaji akwame pale pale alipokuwa. Kisha nakata na kutupa uzi wote ulio wazi. Kinachobaki ni vipande vidogo vilivyokuwa chini ya miguu ya wasomaji. Vipande hivyo vinasomwa na mashine, mamilioni kwa mamilioni, na mimi nakaa mbele ya kompyuta kutazama wapi vimejaa na wapi vimepungua. Wewe Kaka ukifika mtoni unatazama kwato kwenye tope, unajua kundi lilipita wapi na wapi lilisimama likasongamana. Na mimi ndiyo hivyo hivyo, ila sina tope wala ng'ombe.

Na nilichokiona ni hiki. Kuna bakteria wenye ujanja wa ajabu. Mbele ya agizo la kutengeneza kinga dhidi ya dawa, wameweka kipande kifupi cha uzi kisicho na maana yoyote, cha mtego tu. Dawa ikiwa haipo, msomaji anakipita kile kipande na agizo la kinga linabaki limefungwa. Dawa ikija kidogo, msomaji anakwama pale mtegoni, na kule kukwama kwake ndiko kunakofungua agizo la kinga. Ikija nyingi na kwa muda wake, bakteria wengi wanakufa kabla hawajajipanga. Ikija kidogo, dawa yenyewe ndiyo inayowaamsha.

Kwa hiyo nikitaka kuwaona wakiamka, nafanya nini? Nawapa kidogo. Ndiyo kazi yangu kila wiki, Kaka. Navaa koti jeupe, napima dawa kidogo, namimina kwenye chupa, natazama wakijifunza kuishi nayo. Mimi nafanya kwa makusudi kwenye chupa, nyie mmefanya kwenye mguu wa mama yangu.

Sisemi bakteria waliomo kwenye mguu wake ni hawa wa kwangu. Sijawaona. Huenda walitoka zizini wakiwa wameshazizoea dawa, maana ng'ombe wetu nao tunawachoma kwa kukisia hivyo hivyo. Ninachojua ni alichokisema daktari wa hospitali ya mjini baada ya kuchukua usaha na kuuotesha: dawa alizojaribu hazikuwazuia. Tena mfupa umeshaanza kuoza. Akasema mguu ukatwe chini ya goti wakati sumu haijapanda kwenye damu. Alisema taratibu, akarudia, akachora na picha. Mayu akamjibu kwamba ana binti Ulaya anayesomea wadudu hao hao na dawa iko njiani. Nyie mliokuwa mmesimama pale, watu wazima na akili zenu, mkatikisa vichwa. Mkamtoa wodini mkamrudisha nyumbani Mwamkulu, mkanisubiri.

Nasema mkanisubiri mimi. Kwa hiyo mguu ule sasa umefungwa shingoni mwangu. Mayu akifa, itasemwa alikufa akimngoja Minza.

Ulinitumia picha ya kidonda ukaandika, "Mwonyeshe profesa wako." Nilimwonyesha. Unataka kujua alisema nini? Profesa wangu si mtu mbaya. Siku niliyokuja alinipa koti lake la baridi kwa sababu nilikuja na sweta la shule. Aliitazama picha, akavua miwani, akasema, "Pole sana, inasikitisha." Halafu nikaona macho yake yanabadilika, nayafahamu, ndivyo yanavyokuwa matokeo mazuri yakitoka. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Unadhani tunaweza kupata usaha kidogo? Kwa kibali, kwa kufuata taratibu zote. Bakteria wa namna hii hatuna kwenye mkusanyiko wetu."

Kidogo tena. Nilimwambia nitafikiri. Nikatoka nikaingia chumba cha baridi tunakohifadhi vitu, nikasimama humo nikilia mpaka mikono ikafa ganzi. Na kilichoniuma kuliko swali lake ni kwamba njiani kuelekea kule chumbani kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kupanga: tungewakuza hivi, tungewagandisha hivi, tungewasoma hivi. Mguu wa mama yangu, na mimi napanga chupa. Hivi ndivyo elimu ya huku ilivyonifanya, na nyie mnaitangaza mnadani.

Ndiyo, Baba Mdogo, habari za mnadani zimenifikia. Umesimama katikati ya ng'ombe wa watu ukasema binti yenu ametengeneza dawa inayoziba kidonda chochote, na kwamba umeshaiona kwa macho. Ulichokiona ni kopo la mafuta. Nilimpa Sista mwaka jana amletee Mayu kwa ajili ya kisigino kilichopasuka. Ni mafuta ya ngozi kavu! Yanauzwa duka la vyakula, pembeni ya mikate, hata watoto wanapakwa. Nasikia mmeyapaka kwenye kidonda mpaka yameisha, na mama mmoja kutoka Shanwe, aliyesikia sifa zako, amefuata kopo tupu akakwangua ya mwisho. Nimecheka, Mungu anisamehe, nimecheka peke yangu kwenye ngazi za maabara mpaka mzungu mmoja akaniuliza kama naumwa.

Lakini nyie wote mngeweza kuongozwa na maneno yangu kama Mayu angeyaamini. Shida iko kwake, na naijua inatoka wapi. Inatoka kwa bibi, mama yake mzazi.

Watoto wa Kaka hawakumkuta bibi, kwa hiyo niwaambie. Bibi alikuwa anatibu vidonda kwa mizizi, na alikuwa na tabia moja isiyobadilika. Mgonjwa akiletwa, anasema, "Mimi dawa sina. Nani kawadanganya? Mimi ni mwanamke wa kulima tu." Watu wanaondoka, wanarudi na kuku. Bado hana. Wanarudi na mbuzi. Anakasirika, anasema wamemchosha. Na kadiri alivyokana ndivyo watu walivyozidi kumwamini, maana waliosema tunayo, tunayo, walikuwa matapeli. Mayu amekulia kwenye nyumba hiyo. Mwenye dawa hasemi anayo. Kwake yeye, anayesema hana ndiye mwenye nayo.

Sasa mimi nimewekwa kwenye kiti cha bibi. Nilipiga Jumapili, mkamwachia simu peke yake kwa mara ya kwanza, sijui mlikuwa kanisani.

"Minza, dawa imefika wapi?"

"Mayu, mimi sina dawa."

"Haya."

"Siyo haya, Mayu. Sina. Sisi hapa hatutengenezi dawa, tunatazama wadudu wanavyoishi basi."

"Nimesikia mwanangu. Na bibi yako alikuwa anasema hivyo hivyo." Akacheka kidogo, sauti imekwisha kabisa, Kaka, inatoka mbali. "Masanja ameshatenga mtamba. Yule mwekundu. Ni wako."

"Sitaki mtamba!"

"Haya, tutaongeza na mwingine."

Mnaona mtego niliomo? Nikikana, mnaongeza ng'ombe. Nikikasirika, ndiyo kabisa, nimekuwa bibi. Nikinyamaza, mnasema anaipika. Nimesoma miaka yote hii kwenye baridi hii nisijue neno moja la kumwambia mama yangu likaingia. Nina hasira na nyie, na zaidi nina hasira na heshima mliyonipa bila kuniuliza. Mtoto wa mwenzenu akishindwa shule mnamwacha apumzike. Mimi nimefaulu, basi nifufue wafu.

Mtasema basi ningekuja mwenyewe. Pasi yangu ya kusafiria iko ofisi ya uhamiaji ya huku, wanabadilisha kibali cha kuishi. Nimekwenda kuwaomba waniachie, nimewaonyesha ile picha ya mguu. Dada wa dirishani aligeuza uso akasema nisubiri barua. Lakini hata nikija leo, niseme kweli, nakuja na mikono yangu hii. Mngenipokea kwa vigelegele, Mayu angekunjua blanketi aninyooshee mguu, na mimi ningefanya nini? Ningemweleza habari za ribosomu?

Mayu, sasa naongea na wewe. Sista, hapa soma polepole, na kama kuna mtu anaongea, ngoja anyamaze.

Mayu, shikamoo mama yangu. Najua unaumwa na najua unavyoficha. Najua pia kwamba hukatai kisu kwa woga. Unakataa kwa sababu unaniamini, na ukikubali kukatwa utakuwa umesema mbele ya watu kwamba mtoto wako ameshindwa. Unanilinda. Unaoza mguu ili mimi nisiaibike. Niaibike, Mayu. Naomba niaibike. Watu wa mnada wacheke, mama wa Shanwe arudishe kopo, wote waseme Minza alikwenda Ulaya akarudi mtupu. Mimi nitaishi. Nitasema ndiyo, nilikwenda, sikuipata, lakini mama yangu yuko hai, anakaa kwenye kigoda uani anafokea kuku.

Chini ya kitanda cha bibi kulikuwa na mizizi. Chini ya kitanda changu kuna viatu vya baridi. Nimetafuta namna ya kukana ambayo bibi hakuwahi kukana nayo, na nimeikumbuka. Wewe unaikumbuka kuliko mimi. Bibi alikana kwa maneno yote, lakini hakuwahi kuapa. Mtu akimwambia, "Basi apa kwamba huna," alikuwa anainuka bila kujibu, anakwenda kugeuza chungu chake jikoni, na hapo ndipo watu walipotabasamu na kushusha mzigo, maana walijua anayo.

Mayu, mimi siinuki. Naapa. Naapa kwa kaburi la Bhabha, nyuma ya zizi, alipolala mume wako: sina dawa ya mguu wako. Sijaificha, sijaipika, siisubiri. Hakuna mtu ninayemjua huku aliye nayo. Kama nayaandika haya huku ninayo, kaburi la Bhabha linikatae siku nitakaporudi.

Umesikia? Umenijua tangu nazaliwa. Unajua kama ninaweza kulitaja kaburi lile kwa uongo.

Kaka, usiitishe kikao. Kikao kimeshakaa, ndiyo hiki. Tafuta gari, siyo bodaboda, mlazeni Mayu kwenye godoro, mrudisheni kwa daktari leo hii, asimsubiri mtu wala kitu. Daktari akiuliza ndugu wanasemaje, mwambie binti wa Ulaya ndiye aliyesema mkate. Lawama yote niandikieni mimi. Dawa watakazompa hospitalini ameze yeye peke yake, zote, mpaka siku daktari atakaposema basi, na akitaka kumgawia mtu, Wifi Kwandu amnyang'anye mkononi. Na ile chupa ya ng'ombe iondoke kabisa kwenye nyumba anayolala mtu. Profesa nimeshamjibu. Nimemwambia usaha wa mguu wa mama yangu hautakuja huku hata tone.

Wifi Kwandu, wewe ndiye unayeosha kidonda kila asubuhi bila kuziba pua, nimeambiwa. Asante, na samahani kwa ukali wangu, haukukuhusu. Watoto wasalimieni, mwambieni huyo anayekohoa akae karibu na bibi yake njiani, amshike mkono. Shangazi, dada yake Bhabha, mpeni salamu zangu, asilie mbele ya mgonjwa. Baba Mdogo, wewe una sauti kubwa na watu wanakusikiliza. Safari hii itumie kusukuma gari likikwama.

Sista atangoja hapo kwa niaba yangu mpaka aone mmemwinua Mayu. Nimemwambia asinywe hata chai kabla.

Ni mimi mdogo wako,
Minza, asiye na dawa.